Ndege wa Amani: mambo ya kuzingatia kabla ya kuingia msituni na kamera

Na Mwandishi Wetu, Muheza

Katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyopo Milima ya Usambara Mashariki mkoani Tanga, yupo ndege mdogo wa rangi ya kijivu, mwenye mdomo mrefu na mwembamba, ambaye wanasayansi humwita Artisornis moreaui. Mbali na milima hiyo, ndege huyo anafahamika kuwapo katika uwanda wa juu wa Njesi, kaskazini mwa Msumbiji, na si kwingine. Wapiga picha husafiri kutoka mbali kumtafuta, ilhali Watanzania wengi wanaopita Muheza kuelekea Tanga mjini hawana habari naye.

Jina lake lina historia. Mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulianzisha kituo cha utafiti wa kilimo na mimea hapo Amani. Baadaye, chini ya Waingereza, Reginald Moreau alifanya kazi kituoni hapo kuanzia mwaka 1928 hadi 1946, na katika kuwatafuta ndege alimtegemea sana msaidizi wake, Salimu Asmani, aliyewajua vyema ndege wa msituni. Ndege tunayemzungumzia alipewa jina la Moreau mwaka 1931. Zama hizo, ili ndege atambuliwe rasmi, ilibidi apigwe risasi na ngozi yake ihifadhiwe. Leo picha nzuri huweza kutosha.

Hata hivyo, kamera nayo ina madhara yake, na yaliyo makubwa huanzia kwenye simu. Wapo wageni ambao, ili ndege ajitokeze, humpigia sauti yake iliyorekodiwa. Ndege huitika kwa sababu anadhani mpinzani ameingia katika eneo lake. Huacha kutafuta chakula, pengine huacha kiota, na kujiweka wazi mbele ya vipanga. Sauti ikirudiwa asubuhi na kundi moja, na mchana na kundi jingine, ndege yule yule hubeba usumbufu wote. Kwa jamii yenye makazi finyu kiasi hiki, hilo si jambo dogo. Artisornis moreaui hukaa ndani ya mimea itambaayo iliyosongamana, hususan palipo na uwazi kati ya miti; anayesimama kimya pembezoni mwa uwazi huo na kusubiri ana nafasi nzuri ya kumwona bila hila yoyote.

Viota navyo visiguswe, wala matawi yasikatwe ili picha itoke safi, kwa kuwa majani hayo ndiyo yanayokificha kiota. Bundi mkubwa wa Usambara, aliyepewa jina la Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani enzi za Wajerumani, asimulikwe kwa mwanga mkali wa kamera usiku. Aidha, inashauriwa kuzima huduma ya simu inayohifadhi mahali picha ilipopigwa kabla ya kuisambaza picha ya kiota mtandaoni. Kukamata ndege pori bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

Kwa anayeanza, hondohondo ni rahisi zaidi: mkubwa, mwenye kelele, na vishindo vya mbawa zake husikika kabla hajaonekana. Ndege huyu naye ana kisa chake. Hula matunda ya mti wa Maesopsis eminii, ulioletwa Usambara na watu, na kusambaza mbegu zake hadi ndani ya msitu wa asili, ambako mti huo umekuwa tatizo kwa wahifadhi. Wapo pia chozi wa Amani, ndege mdogo aliyepewa jina la mahali hapa, na jamii nyingine za chozi zinazoonekana vizuri karibu na miti yenye maua.

Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Mgeni hupokelewa Sigi, ambako nyumba ya zamani ya kituo cha reli ya Wajerumani hutumika kutoa taarifa. Viingilio vya raia ni tofauti na vya wageni wa nje. Kiwango cha sasa kiulizwe ofisini na malipo yafanywe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali. Waongoza wageni kutoka vijiji jirani wapo, na macho yao hushinda darubini nyingi.

Barabara ya kupanda kutoka Muheza huteleza wakati wa masika, hivyo Juni hadi Septemba ni miezi yenye nafuu. Msitu una giza na unyevu. Mfuko wa kukinga kamera na maji ni wa lazima. Anayekusudia kurusha ndege isiyo na rubani anatakiwa kuwa na vibali vya mamlaka husika, ikiwemo Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla ya kufika getini.