Harufu ya radi chumbani: mashine za kusafisha hewa zilitoka wapi?

Nimekuwa kimya majuma kadhaa na sababu si ile ya kawaida ya wateja wanaotaka kila kitu jana. Kifungua mimba wetu ana pumu. Tunaishi Nairobi, ghorofa ya pili, barabara iko hapa chini na matatu hazilali. Jioni ikifika kuna jirani nyuma ya ploti anayechoma taka zake, plastiki na yote. Basi nikaamua kununua mashine ya kusafisha hewa. Mimi mtu wa programu, nikajiambia, siwezi kudanganywa na kisanduku chenye taa ya buluu. Nikadanganywa.

Duka sitalitaja. Muuzaji alinionyesha mnara mwembamba, hauna feni, hauna kelele, hauna kichujio cha kubadilisha. Usiku wa kwanza chumba kilinuka kama hewa baada ya radi, au kama chumba cha fotokopi. Mke wangu akasema, "Baba, hii kitu inanuka stima." Usiku wa tatu mtoto alikohoa hadi alfajiri. Daktari alisikiliza maelezo yetu, kisha akauliza swali moja: mashine hiyo inatoa ozoni? Sikujua. Tulirudi nyumbani tukaizima, nami nikaanza kusoma.

Kumbe kisa changu kilishafika mahakamani Marekani zaidi ya miaka 20 iliyopita! Kampuni ya Sharper Image iliuza mnara kama huo ulioitwa Ionic Breeze, ukavuma sana kwenye matangazo ya televisheni. Kazi yake ni hii: umeme wa volti nyingi huipa chembe ya vumbi chaji, kisha chembe inanaswa na bamba la chuma lililo karibu. Wazo lenyewe si la uongo. Tatizo ni kwamba bila feni hewa inayopita hapo ni kidogo mno, na umeme ule ule huvunja oksijeni na kuunda ozoni. Ozoni ikiwa juu kabisa angani hutukinga na miale ya jua. Ikiwa puani huchoma mapafu, na mwenye pumu ndiye wa kwanza kuisikia.

Jarida la Consumer Reports, ambalo kazi yake ni kununua bidhaa na kuzipima, liliupima mnara huo likasema hausafishi hewa kwa kiwango cha maana. Mwaka 2003 Sharper Image ikawashtaki wachapishaji. Mwaka 2004 jaji akaitupa kesi, kwa kuwa kampuni haikuonyesha ushahidi kwamba vipimo vilikuwa na kasoro. Mwaka 2005 jarida likarudi na onyo kuhusu ozoni. Februari 2008 kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2006, na kanuni zilizofuata zikaweka kikomo: mashine ya nyumbani isitoe ozoni kupita sehemu 0.050 kwa milioni. Lakini sheria ya California haikai kwenye duka la Nairobi, ndugu yangu. Mnara wangu ni mjukuu wa ule.

Sasa turudi nyuma zaidi, maana hapa ndipo utamu ulipo. Kuchuja hewa kwa nyuzi ni jambo la zamani. John Tyndall, mwanafizikia aliyefanya kazi London, aliwatengenezea wazima moto kifaa cha kupumulia mwaka 1871 kwa pamba, glisirini na makaa. Kichujio tunachokiita HEPA kilitoka vitani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, karatasi iliyokuwa ndani ya barakoa za gesi za Wajerumani ilifika kwa wanajeshi wa Marekani, wakaona inazuia moshi kuliko yao. Siri yake ilikuwa nyuzi nyembamba sana za asbestosi. Wakaiiga. Wale waliokuwa wakitengeneza bomu la atomiki waliihitaji hasa, kwa sababu chembe zenye mnururisho zisingeachwa zitoke na hewa ya jengo. Miaka ya 1950 nyuzi za kioo zikachukua nafasi ya asbestosi, na vichujio vikaanza kutumika nje ya jeshi.

Kipimo chake ni kuzuia asilimia 99.97 ya chembe zenye upana wa mikromita 0.3. Wengi hudhani maana yake ni kwamba zilizo ndogo zaidi zinapita. La! Chembe kubwa zina uzito, haziwezi kukata kona, hugonga uzi. Zilizo ndogo kabisa husukumwasukumwa na molekuli za hewa, zikiyumba kama mlevi wa Jumamosi, nazo hugonga uzi. Zilizo katikati, karibu na 0.3, ndizo zinazoponyoka kwa urahisi zaidi. Irving Langmuir, mshindi wa Nobel ya kemia ya 1932, alilifanyia hesabu suala hilo wakati wa vita. Kwa hiyo namba ile ni mtihani mgumu kuliko yote, kama vile wewe unavyoijaribu programu yako kwa data itakayoiangusha. (Tunafanya hivyo, sivyo?)

Hata hivyo kichujio kizuri chenye feni dhaifu ni sawa na kuteka maji ya tangi kwa kijiko. Watengenezaji wa Marekani walitunga kipimo kingine katika miaka ya 1980, CADR, kinachosema ni hewa safi kiasi gani inatoka kwa muda fulani. Chumba cha mtoto wetu ni mita 3 kwa 3.5, dari mita 2.6, yaani takriban mita za ujazo 27. Mashine yenye CADR ya mita za ujazo 200 kwa saa huisafisha hewa yote mara 7 kwa saa. Mara 5 zinatosha. Kwenye sanduku la mnara wangu namba hiyo haikuwepo kabisa, na hilo peke yake lingenitosha kama ningelijua.

Mwaka 2010 huko Beijing, kipimo cha hewa cha ubalozi wa Marekani, kilichokuwa kikituma matokeo Twitter chenyewe kila saa, kilivuka 500, mwisho wa skeli. Kikatuma maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mbaya kiwendawazimu". Kuna mwandishi wa programu aliyeandika mzaha huo akidhani hautafikiwa kamwe! Moshi mzito wa Januari 2013 ulipoikumba Beijing, Thomas Talhelm, Mmarekani aliyekuwa akiishi huko, alionyesha watu jinsi ya kufunga HEPA kwenye feni ya kawaida, akaweka vipimo hadharani. Mwaka 2020 Richard Corsi na Jim Rosenthal wakafanya jambo la jamii hiyo kwa feni ya sanduku na vichujio kadhaa.

Nimenunua yenye HEPA na feni, nikasoma volti kwanza, maana za Marekani ni 120 na ukuta wetu ni 240. Mama mkwe alitaka tuiweke jikoni karibu na jiko la makaa. Nikamweleza, "Mama, hii inanasa chembe tu. Kaboni monoksidi inapita kana kwamba hakuna kitu." Jiko liko kwenye baraza sasa. Mtoto amelala usiku nne mfululizo bila inhela, ingawa jirani naye alikuwa safarini siku mbili kati ya hizo, kwa hiyo sijui nimshukuru nani. Mnara uko stoo. Duka limekataa kuurudisha.