Wanawake wa Rosenstrasse

Katikati ya Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, kuna mtaa mfupi unaoitwa Rosenstrasse. Mwaka 1943 nchi ile ilikuwa chini ya Hitler, vita vimepamba moto, na kuipinga serikali hadharani kulikuwa kujitafutia kifo. Tarehe 27 Februari polisi wa siri, Gestapo, na askari wa SS walianza kuwakamata Wayahudi waliobaki Berlin. Wengi walichukuliwa viwandani, walikofanyishwa kazi kwa nguvu. Maelfu walipelekwa Auschwitz. Lakini karibu 2,000, wengi wao wanaume waliooa wanawake wasio Wayahudi, walifungiwa katika jengo moja pale Rosenstrasse.

Jioni ikafika, mume harudi. Wake wakaanza kuulizana, wakafuata habari mpaka mlangoni. Kwanza wachache, halafu wengi. Hawakuwa na bunduki wala chama. Wengine walishika kifurushi cha chakula tu, wamwombe askari akipeleke ndani. Wakifukuzwa wanasogea, kisha wanarudi. Ilikuwa hivyo kama wiki nzima, kwenye baridi ya kule, wanadai waume zao. Walioshuhudia walisimulia kwamba askari walitishia kuwapiga risasi.

Mwezi Machi watu wakaanza kuachiliwa. Hata wanaume 25 waliokuwa wameshapelekwa Auschwitz walitolewa huko. Wanahistoria wanabishana mpaka leo: je, ni wanawake walioilazimisha serikali, au serikali haikuwa na mpango wa kuwaua wale watu wakati ule? Wabishane. Wale wanawake hawakujua mwisho utakuwaje, na bado walisimama.

Mnara wao wa kumbukumbu uliwekwa mwaka 1995, miaka 52 baadaye. Mchongaji alikuwa mwanamke, Ingeborg Hunzinger, na mawe yake mekundu yako pale pale mtaani, watu wanayapita wakienda kazini. Kwa nini ilichukua muda wote huo? Mimi nadhani ni kwa sababu mke anayemngoja mumewe mlangoni haonekani kuwa mpinzani. Watu wanasema huyo ni mke tu. Hata vijana ninaofanya nao kazi hapa kambini, ukiwaambia wataje shujaa wa vita, watakutajia makamanda watupu.

Kuna aina nyingine ya kumbukumbu kule. Ni vibao vidogo vya shaba, sentimita 10 kwa 10, vinavyozikwa kwenye njia ya miguu mbele ya nyumba ya mtu aliyeteswa na utawala ule. Vingi vinaanza na maneno mawili: hapa aliishi. Halafu jina, mwaka wa kuzaliwa, na yaliyompata. Kilichonigusa ni kwamba aliyekimbia nchi naye anawekewa. Kumbe hata mkimbizi ana mlango wake unaomkumbuka.

Lakini kibao kama hicho kinataka anwani. Sisi tuliotoka Uvira na vijiji vya kando yake, nyumba zetu nyingine zilichomwa, nyingine wanalala watu wengine. Na mama zetu je? Wangapi walisimama mlangoni pa jela, au kwenye kizuizi barabarani, wakimdai mtoto wao? Wengine walimpata. Wengine walirudi na sahani ya ugali vile vile walivyoipeleka.

Shaba hatuna, daftari tunalo. Muulize mama, bibi, au mama wa jirani, kwa adabu, siku akiwa na nafasi. Akikubali, andika jina lake, mtaa aliokaa, mwaka, na mlango aliosimama. Kama jina linaweza kumletea hatari, daftari likae ndani, lisisomwe hadharani. Akikataa, mwache apumzike. Ila tusingoje miaka 52, maana mama hawa wanazeeka hapa hapa mbele yetu.