Ukidaka, Simama: Mpira wa Pete Ulivyotengenezwa na Walimu

Mwalimu wa michezo anapowatoa uwanjani wanafunzi wa darasa la nne kuwafundisha mpira wa pete kwa mara ya kwanza, haanzi na kufunga magoli. Anaanza na amri ambayo kwa mtoto aliyekulia kwenye chandimu ni ya ajabu kabisa: ukidaka mpira, simama. Mguu uliotangulia kutua ukishaunyanyua, usirudi chini mpira ungali mkononi mwako. Hesabu moja, mbili, tatu. Kabla ya tatu kwisha uwe umeshautoa. Usimguse mwenzako. Ukimkaba mwenye mpira, jitenge naye kwa sentimita 90. Nusu ya kipindi hicho cha kwanza huishia kwenye filimbi na vicheko, maana kila aliyedaka anajisahau na kuchanja mbuga.

Michezo mingi mikubwa ilianza na watu waliokuwa wakijichezea tu, sheria zikaja baadaye kuamua ugomvi. Huu ulizaliwa shuleni. Uliundwa na walimu, tena wengi wao wanawake, na sheria zake nyingi zilitungwa kumaliza shida za mwalimu mwenye wanafunzi wengi, nafasi ndogo na wazazi wa kuwajibu.

Hadithi yake inaanzia Marekani. Desemba 1891, katika chuo cha YMCA mjini Springfield, jimbo la Massachusetts, James Naismith, mzaliwa wa Kanada, alitakiwa kubuni mchezo wa ndani kwa darasa la vijana wa kiume waliochoshwa na mazoezi ya viungo wakati wa baridi. Alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye kingo za roshani na kuandika sheria 13. Mojawapo ilikataza kukimbia na mpira: uliyedaka, urushe kutoka palepale ulipodakia. Nyingine ilikataza kupigana vikumbo, kushikana na kusukumana. Yaani mchezo ambao leo unatuletea mabingwa wanaodundisha mpira uwanja mzima na kugongana chini ya goli ulikuwa, siku ya kuzaliwa kwake, mchezo wa kusimama na kupasiana. Basketi ikaenda njia yake. Ukitaka kuona lile wazo la mwanzo la Naismith likiwa hai, usihangaike na runinga. Nenda kwenye uwanja wa shule ya msingi jioni.

Wanawake waliupokea mchezo huo upesi na kuubadilisha. Senda Berenson, mwalimu wa mazoezi katika Smith College, chuo cha wasichana huko Northampton, hakutaka wanafunzi wake wakimbie hovyo hadi kuzimia wala wanyang’anyane mpira kama wanaume. Aliugawa uwanja sehemu tatu, kila msichana akabaki katika sehemu yake. Akakataza kumpokonya mtu mpira, na kuushika kwa zaidi ya sekunde tatu. Huko New Orleans, inasimuliwa kwamba mwalimu mwingine, Clara Baer, aliletewa mchoro wa uwanja wenye mistari ya nukta, akadhani ni mipaka ambayo mchezaji haruhusiwi kuivuka, kumbe ilikuwa inaonyesha tu mahali pazuri pa kujipanga. Iwe kweli au imetiwa chumvi, wazo la mipaka ndani ya uwanja lilikuwa limeshika mizizi.

Nyuma ya mipaka hiyo kulikuwa na woga, na si vizuri kuuficha. Watu wazima wa wakati ule waliamini kwamba mwili wa mwanamke hauwezi kustahimili mbio ndefu, na kwamba binti wa heshima haonekani akigongana na wenzake. Sketi zenyewe zilifika chini. Mchezo ulipunguzwa makali ili uruhusiwe. Lakini angalia matokeo: ukimzuia mchezaji asikimbie na mpira, asidundishe na asivuke mstari, unamlazimisha afikiri. Hakuna anayeweza kuwapita wapinzani wote peke yake na kwenda kufunga. Tangu kipindi cha kwanza mtoto hujifunza kwamba asiye na mpira ndiye mwenye kazi kubwa zaidi, maana ndiye anayetakiwa kujitafutia nafasi. Mwalimu wa soka anaweza kulisema hilo mwaka mzima lisiingie. Hapa sheria yenyewe inafundisha.

Mchezo ulivuka Atlantiki mwaka 1893. Martina Bergman-Österberg, mwanamke wa Kiswidi aliyesomea mazoezi ya viungo Stockholm, alikuwa ameanzisha mwaka 1885 chuo cha kuwaandaa walimu wa kike wa mazoezi huko Hampstead, London. Mgeni kutoka Marekani, Dkt. Toles, aliwafundisha wanafunzi wa chuo hicho basketi ya ndani. Vikapu vya kutupia karatasi vilitundikwa ukutani; mistari haikuwapo. Mwaka 1895 chuo kilihamia Dartford, Kent, kwenye viwanja vya nyasi, na miaka miwili baadaye mgeni mwingine wa Kimarekani alikuja na sheria za wanawake. Hapo ndipo vikapu vikaondolewa na pete zikawekwa juu ya nguzo, na uwanja ukagawanywa sehemu tatu. Mwaka 1901 sheria zilichapishwa na Ling Association, chama cha walimu wa mazoezi kilichopewa jina la Mswidi Per Henrik Ling. Zilitoka nakala 250 tu.

Nakala 250 ni chache, lakini waliozishika walikuwa walimu. Kila mhitimu wa Dartford aliyepata kazi katika shule ya wasichana aliingia na mchezo huo. Uingereza ilipopeleka walimu makoloni na misheni, nao ukasafiri, kwa sababu ni rahisi: nguzo mbili, pete mbili, mpira mmoja na kipande cha ardhi tambarare. Ndiyo maana ramani ya mpira wa pete hadi leo inafanana na ramani ya himaya ile: Australia, New Zealand, Jamaika, Afrika Kusini, Malawi, Zambia, Uganda, Kenya, Tanzania. Vuka Ziwa Tanganyika uingie Kongo, iliyotawaliwa na Ubelgiji, na mchezo wa wasichana ni basketi; Mwadi Mabika wa Kinshasa alifika hadi ligi ya WNBA ya Marekani na kutwaa ubingwa akiwa na Los Angeles Sparks mwaka 2001 na 2002.

Kwa muda mrefu kila nchi ilicheza inavyotaka. Waingereza walikuwa saba kila upande, New Zealand walicheza tisa, na huko na Australia mchezo uliendelea kuitwa basketi ya wanawake hadi mwaka 1970. Wajumbe walikutana Colombo, Ceylon, mwaka 1960 kuafikiana sheria moja. Mwaka 1963 mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Eastbourne, Uingereza, yakikutanisha nchi 11. Australia ilitwaa ubingwa baada ya kuishinda New Zealand 37 kwa 36.

Hesabu za uwanja bado zinanuka futi. Urefu ni mita 30.5, upana mita 15.25: yaani futi 100 kwa 50. Nguzo ya goli ina mita 3.05, futi kumi kamili. Hakuna ubao nyuma ya pete, kwa hiyo mpira hauna pa kugonga na kurudi ndani; mfungaji anategemea mkono wake tu. Saba wa kila timu huvaa herufi kifuani: GS, GA, WA, C, WD, GD, GK. Herufi hizo humwambia mwamuzi nani anaruhusiwa kuwa wapi. C anazunguka uwanja mzima isipokuwa ndani ya maduara ya kufungia. Wenye haki ya kufunga ni wawili tu, GS na GA. Na mpira haurushwi kuvuka theluthi nzima ya uwanja bila mtu kuugusa katikati, sheria inayomnyima njia ya mkato mwenye mkono wa nguvu.

Kwetu, mchezo uliishi na kuteseka pamoja na shule. Mwanafunzi wa Tanzania alipanda nao kupitia mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Serikali iliposimamisha michezo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hoja kwamba inawapotezea wanafunzi muda wa masomo, kisima kilifungwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Mchezo usio na ligi tajiri, wala watoto wanaoucheza mitaani kama soka, hauna pengine pa kuokota wachezaji. Bunge Queens, timu ya wabunge wanawake, inajaza kurasa za picha kila michezo ya mabunge ya Afrika Mashariki inapowadia, lakini wengi wa wachezaji wake, sina shaka, walidaka mpira wa kwanza shuleni.

Waganda hawakulegeza kamba. Kombe la Dunia la 2023 lilipochezwa Cape Town, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, timu yao ya taifa, She Cranes, ilimaliza ya tano. Peace Proscovia na baadaye Mary Cholhok, wote wafungaji, walikwenda kuichezea Loughborough Lightning ya Uingereza, timu yenye makao katika chuo kikuu kinachosifika kwa masomo ya michezo. Mchezo uliotoka katika chuo cha walimu wa Kiingereza sasa unachukua wafungaji kutoka Uganda.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi wa shule za kwetu bado wanalikosea. Siku ya kwanza wanatazama urefu: msichana mrefu kuliko wote anavishwa GS, anayemfuata GK, mlinzi wa goli, mfupi mwepesi anapewa C, na herufi hizo zinawaganda hadi wamalize shule. GK anaweza kucheza miaka yote hiyo asifunge goli hata moja, maana sheria haimruhusu. Waingereza wenyewe waliona hasara hiyo na kutengeneza mchezo mdogo kwa watoto wa miaka 9 hadi 11, uwanjani wakiwa watano kila upande. Kipindi kikiisha wanabadilishana nafasi. Aliyekaba anakwenda kufunga, aliyefunga anatoka nje kushika saa au kuandika magoli, na mrefu na mfupi wote wanazijaribu nafasi zote kabla mwalimu hajaamua lolote kuhusu herufi.