Ushahidi Kabla ya Rufaa: Msaada kwa Wafanyakazi Wanaoumia Kazini Juba

Mijadala kuhusu fidia ya wafanyakazi, yaani malipo anayostahili mtu aliyeumia au kuugua kutokana na kazi yake, huielekea zaidi rufaa, ilhali nguvu ya madai hutegemea kwanza kumbukumbu zilizowekwa siku chache baada ya ajali. Makala haya yanatetea hoja kwamba huko Juba, mji unaotegemea sana mafundi, madereva na vibarua kutoka nchi jirani, msaada wa kisheria unapaswa kuanzia kwenye ushahidi.

Sheria za majirani zinaonyesha sababu. Nchini Kenya, Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inataka madai yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, inampa asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi anayesimamia sheria hiyo siku 60 za kuweka pingamizi, na inakadiria ulemavu kamili wa kudumu, yaani kupoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, kwa mapato ya miezi 96. Uganda hutumia miezi 60. Kwa kuwa hesabu zote mbili huzidisha mshahara, asiyeweza kuthibitisha mshahara wake hupunjwa hata pale ambapo jeraha lake halibishaniwi.

Sudan Kusini ina Sheria ya Kazi ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya Sudan ya 1997, lakini fundi aliyetoka Gulu, Uganda, aliyeajiriwa kwa makubaliano ya mdomo na kulipwa taslimu, hana hati ya malipo, na mashahidi wake ni vibarua watakaohamia kazi nyingine kabla shauri halijasikilizwa. Hati rasmi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali maagizo kazini huweza kutolewa kwa Kiarabu cha Juba. Ucheleweshaji nao una gharama yake, kwa sababu tangu pauni ilipoachwa ielee Desemba 2015 thamani yake imeporomoka, hivyo kiasi kilichokadiriwa kwa pauni hupungua uzito kadiri shauri linavyokawia.

Yaweza kupingwa kwamba dawa ni kuanzisha mfuko wa taifa kama ule wa Tanzania, ulioanza kazi 2015, ambao hukusanya michango ya waajiri ili majeruhi asitegemee uwezo wa mwajiri mmoja. Hoja hiyo ni ya haki, lakini mfuko huondoa hatari ya mwajiri kushindwa kulipa bila kuondoa wajibu wa kuthibitisha ajali, jeraha na kipato.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, inampa mfanyakazi mhamiaji haki za hifadhi ya jamii sawa na za wafanyakazi wa nchi mwenyeji. Ili haki hiyo itekelezeke, vyama vya wafanyakazi na jumuiya za wahamiaji Juba zinahitaji wasaidizi wa madai, yaani watu waliofunzwa kuandika maelezo ya mashahidi, kupata ripoti ya daktari, kutunza kumbukumbu za malipo na kumwakilisha majeruhi aliyekwisha kurudi kwao, kwa kuwa jalada likikamilika mapema, rufaa hubaki na jambo la kuamua.