Dawa ya Malale na Njia Iliyopitia

Malale ni ugonjwa uenezwao na mbung'o. Vimelea vyake vikiisha kuingia ubongoni, mgonjwa husinzia mchana, hupotewa na akili, na asipotibiwa hufa. Tangu mwaka 1949 tiba ya hatua hiyo ilikuwa melasoproli, dawa itokanayo na aseniki. Kati ya kila wagonjwa mia walioitumia, watano hivi waliuawa na dawa yenyewe.

Eflonithini haikutengenezwa kwa ajili yao. Kampuni ya Merrell iliibuni katika miaka ya 1970 ikitumaini kutibu saratani. Matumaini hayo hayakutimia, lakini mwaka 1980 majaribio ya panya yalionyesha kuwa yaua vimelea vya jamii ya malale. Ikapelekwa kusini mwa Sudan, na wagonjwa waliokwisha kupoteza fahamu wakaamka. Ndipo ikaitwa dawa ya ufufuo. Marekani iliiidhinisha mwaka 1990.

Twaweza kudhani kwamba kazi ilikuwa imekwisha. La! Wagonjwa walikuwa wanavijiji wasio na fedha, na katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji wake ukakoma. Tusiseme kwamba wenye kampuni walikuwa na roho mbaya kuliko wanadamu wengine. Kampuni huishi kwa mauzo, na hapa mnunuzi hakuwapo.

Mnunuzi alitokea kwingine kabisa. Ilibainika kwamba eflonithini hupunguza kuota kwa nywele, na mwaka 2000 Marekani ikaruhusu iuzwe kama dawa ya kupaka, kwa wanawake wasiopenda nywele usoni. Basi dawa iliyokosekana kwa wanaokufa ilipatikana kwa urembo! Madaktari Wasio na Mipaka walilipigia kelele jambo hilo, na mwaka 2001 kampuni ya Aventis ilikubaliana na Shirika la Afya Duniani kuitoa bure.

Hata hivyo ilifaa kwa malale ya Afrika ya Magharibi na Kati tu. Kwa aina ya Tanzania na Uganda haikutegemewa. Sisi tuliendelea na aseniki. Feksinidazoli, dawa ya vidonge iliyoachwa kabatini tangu miaka ya 1980, ilifufuliwa mwaka 2005 na shirika la DNDi, lisilotafuta faida. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa aina yetu mwaka 2024.