Mkunguru Ungali Njiani

Ndugu msomaji, watu wa misafara ya zamani walikuwa na neno ambalo vijana wengi wa leo hatulitumii tena: mkunguru. Ndiyo homa inayompata mgeni kabla mwili wake haujaizoea nchi. Stanley, yule mwandishi wa habari, alilikuta njiani mwaka 1871 akalitia kitabuni mwake. Mimi ni mtu wa Gongoni, na kila nikipita chini ya miembe ya mji huu nawaza: hivi ni wangapi walioanguka kwa mkunguru katika njia hii iliyopandisha shanga na nguo bara, ikateremsha pembe na watumwa hadi Bagamoyo?

Wapagazi waliokufa hawakuandikwa majina. Tunaowajua ni wale wenye daftari. Burton na Speke walifika hapa, Kazeh, Novemba 1857, hali zao zimechakaa kwa maradhi. Mwaka 1867 sanduku la dawa la Livingstone liliibwa, na kwinini yote ikaenda nalo. Alipokuja kupumzika Kwihara mwaka 1872, mwili ulikuwa umekwisha. Tarehe 1 Mei 1873 akafa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma, Susi na wenzao wakaibeba maiti, wakapita nayo hapa kwetu. Mwezi Novemba mwaka uleule, Daktari Dillon, mganga wa msafara wa Cameron, alivurugwa akili na homa hata akajipiga risasi. Mganga, jamani! Wakati huo hakuna aliyekijua kimelea chenyewe. Laveran alikiona kwenye damu mwaka 1880 huko Algeria, na Ross akakikuta ndani ya mbu mwaka 1897 huko India.

Sasa nakuomba, msomaji, tuingie ndani zaidi, ndani ya seli, kwani vita imehamia huko.

Seli haina mdomo wala masikio, lakini hupokea habari na kuzipeleka. Mwaka 1953 mtu na mkewe, Lowell na Mabel Hokin, walichunguza vipande vya kongosho la njiwa. Walipolichokoza kongosho lifanye kazi, fosfeti ikaingia kwa wingi kwenye mafuta ya seli. Kumbe mafuta yale si ukuta tu! Baadaye ikajulikana kwamba kuna vimeng'enya viitwavyo kinasi za lipidi. Kazi yake ni kuchukua fosfeti na kuibandika kwenye mafuta ya utando wa seli, kama karani wa posta anavyogonga muhuri juu ya bahasha. Protini zenye kuutambua muhuri huo hukusanyika pale, na kazi inaanza. Mwaka 1988 kundi la Lewis Cantley huko Marekani lilionesha kwamba kinasi moja, PI3K, hugonga muhuri mahali pasipotarajiwa kwenye mafuta hayo. Leo tunajua kwamba insulini ikibisha hodi nje ya seli ya msuli, ni PI3K inayopokea habari ndani, hadi sukari inafunguliwa mlango.

Na kimelea cha malaria je? Naye anazo kinasi zake. PI3K yake humsaidia kusafirisha chakula anachoiba kwenye chembe zetu nyekundu za damu. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba artemisinini, dawa iliyotolewa kwenye mmea na Tu Youyou wa China, huizuia kinasi hiyo. Tena wakaeleza kwamba kimelea akibadilika jeni iitwayo Kelch13, PI3K haiondolewi kama kawaida, inalundikana, naye anaihimili dawa. Mwaka 2020 wengine wakaonesha njia nyingine: mwenye Kelch13 iliyobadilika hula himoglobini kidogo, na dawa haipati cha kuiamsha. Wataalamu wanaendelea kuchambua jinsi mambo haya yanavyohusiana.

Kinasi nyingine, PI4K, ilimvutia Kelly Chibale, mzaliwa wa Zambia. Kundi lake huko Cape Town na washirika wao walipata dawa ya kuizuia, iitwayo MMV048. Ilifika kujaribiwa kwa watu, kisha uendelezaji wake ukasimamishwa. Lakini njia imeshaonekana, na safari hii aliyeitafuta ni mtoto wa nchi ile alikofia Livingstone.

Utasema, haya yanatuhusu nini sisi wa Gongoni? Yanatuhusu sana. Klorokwini ilitushinda, ikawekwa kando mwaka 2001. SP ikashika nafasi, nayo ikachoka. Tangu mwisho wa 2006 tunategemea dawa mseto. Halafu Rwanda ikatangaza mwaka 2020 kwamba Kelch13 iliyobadilika imeonekana kwao. Sampuli za mwaka 2021 zikaionesha Kagera. Mseto bado unatibu, ila vimelea hao wanachelewa kufa. Na kutoka Kagera kuja Tabora, siku hizi ni safari ya basi tu.

Nami sijivui lawama. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku 3. Nimewahi kumeza vya siku moja, homa ikashuka, nikavifunga vilivyobaki kwenye karatasi, ati akiba ya mgonjwa mwingine. Nilijiona mwenye busara ya nyumba. Sasa najua kwamba nilikuwa nawaua wanyonge na kuwaachia nafasi wale wagumu.

Livingstone aliibiwa dawa yake. Sisi tunayo mkononi, tunaitupa wenyewe kidonge kwa kidonge. Mkunguru haujafika mwisho wa safari, ndugu zangu. Tumalize dozi.