Asterisk: kutoka nyaya za shaba hadi Mfangano

Zamani swichibodi ya simu ya ofisi ilikuwa sanduku lililofungwa. Uliinunua kwa bei ya mwenye kiwanda, na ukitaka kuongeza laini ulimwita fundi wake. Mwaka 1999 Mark Spencer, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Alabama, Marekani, alihitaji swichibodi kwa kampuni yake changa ya kusaidia watumiaji wa Linux. Bei ikamshinda. Akaandika ya kwake, akaiita Asterisk, akaitoa iwe programu huria.

Lakini programu peke yake haishiki waya. Jim Dixon, mtaalamu wa simu, alitambua kwamba prosesa ya kompyuta ya kawaida inaweza kuchakata sauti yenyewe, hivyo kadi ya simu ikawa kifaa rahisi. Mradi wake, Zapata, ukaunganishwa na Asterisk. Kadi za laini za analogi zina milango ya aina mbili: FXO hupokea laini ya kampuni ya simu, FXS huipa simu ya mezani umeme na mlio. Usizichanganye! Laini ya kampuni ikichomekwa kwenye FXS inaweza kuunguza kadi.

Kwetu Kenya, Telkom ilizaliwa mwaka 1999 baada ya KPTC kugawanywa, ikahodhi simu za waya hadi Juni 2004. Asterisk 1.0 ilitoka Septemba mwaka huo huo. Chombo na soko huru vikafika karibu pamoja, ila Wakenya walikuwa wameshahamia simu za mkononi.

Sasa fikiria Mfangano, kisiwa cha Homa Bay kinachofikiwa kwa boti kutoka Mbita. Nani angetandaza shaba huko? Hata hivyo Asterisk haichagui mlango. Toa FXO, weka geti ya GSM yenye kadi ya simu. FXS ibaki na simu za mezani. Zahanati au shule itapiga simu za ndani bila malipo, hata mtandao wa nje ukikatika, mradi umeme upo. Kumbuka tu: kadi moja ya simu hubeba maongezi mamoja ya nje kwa wakati mmoja.

Mwaka 2018 Sangoma ilinunua Digium, kampuni ya Spencer. Kodi chanzo ya Asterisk imebaki wazi. Sanduku lililofungwa lilimtegemea mwenye kiwanda. Hili anaweza kulitengeneza kijana wa Sena.